Uani kwa Matumbawe

Umeme ukikatika usiku, nyumba nyingi za Dar es Salaam huingia kimya: feni inasimama, friji linaacha kunguruma. Kwangu hapo ndipo kelele zinapoanza. Maji yaliyokuwa yakipandishwa na pampu yanakosa wa kuyasukuma, yanarudi yalikotoka, na kwa dakika moja au mbili yanateremka kwa kishindo kutoka tangi la juu, lenye matumbawe na samaki, hadi tangi la pili lililofichwa kabatini chini yake. Mara ya kwanza niliyashuhudia hayo saa tisa usiku, nimesimama peku juu ya mkeka uliolowa, tochi ya simu mkononi, nikitazama maji ya chumvi yakichuruzika kwenye mlango wa kabati. Mfumo ulikuwa na siku nne tu. Nilikuwa nimesoma kwa miezi mingi kuhusu mwani, taa na vijidudu, lakini hesabu moja ya urefu mara upana mara kimo sikuwa nimeipiga.

Tangi hilo la chini wafugaji wa matumbawe huliita sampu. Ni tangi la kawaida la kioo lililogawanywa vyumba kwa kuta fupi, na kazi zote zisizopendeza macho hufanyika humo: kuchuja, kupoza au kupasha joto, kujaza maji yaliyopungua. Chumba kimoja kikiwekewa taa na mwani kinaitwa refujiamu, neno la Kilatini lenye maana ya kimbilio. Mimi nitaliita kimbilio, kwa kuwa Kiswahili kinalo neno lake. Kila anayetaka kufuga matumbawe nyumbani huuliza kama vitu hivi viwili ni vya lazima na vinasaidia kiasi gani, na majibu anayopewa hupingana mno, kwa sababu watu huvihesabu kuwa kitu kimoja. Sampu ni kama uani wa nyumba ya Kiswahili: ukibanwa, moshi na masufuria huhamia barazani. Kimbilio ni shamba lililolimwa ndani ya uani huo. Kila kimoja kina kipimo chake, na wengi wanaokata tamaa na shamba walilipima kwa kipimo cha uani.

Mawazo yenyewe yamepitia njia ndefu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyofuga samaki na viumbe vya baharini kwa mawe hai (mawe ya mwambani yenye viumbe ndani yake), mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu, bila chujio lolote. Matangi yake yalikuwa hatua chache kutoka baharini, na aliyeiga njia hiyo katika miji ya baridi hakupata matokeo yake kwa urahisi. Mwaka 1986 George Smit, Mholanzi, aliwaonyesha Wamarekani mfumo uliokuwa na sampu halisi: maji yanamwagika juu ya vipande vya plastiki vilivyoota bakteria, yanapata hewa, yanarudi juu. Bakteria hao waligeuza amonia, ambayo ni sumu kali, kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Kazi yao waliifanya vizuri, ila naitreti ilikosa pa kwenda, ikajilimbikiza mwezi baada ya mwezi. Wafugaji wa Berlin wakavitupa vipande hivyo vya plastiki na kutegemea mawe hai, ambayo ndani yake hamna oksijeni na bakteria wengine huivunja naitreti mpaka ikawa gesi, pamoja na skima, mashine inayopiga maji mapovu na kuyakamua uchafu kabla haujaoza.

Kimbilio lina asili nyingine. Katika Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, mtaalamu wa mwani Walter Adey alijenga mwamba wa matumbawe ndani ya jumba la makumbusho na kuusafisha kwa mwani mfupi uliooteshwa juu ya wavu chini ya taa kali. Wavu ulikwanguliwa kila baada ya siku chache, na uchafu ukatoka pamoja na mwani. Hataza yake ilitolewa mwaka 1982, na mwaka 1991 yeye na Karen Loveland walichapisha kitabu cha Dynamic Aquaria, ambamo tangi linatazamwa kama kipande cha bahari chenye viungo vyake vyote, pamoja na mahali pa viumbe wadogo kujificha wasiliwe. Vyumba vya mwani vinavyowaka taa makabatini leo vimetokana na fikra hiyo, ingawa neno lake muhimu zaidi, kukwangua, mara nyingi limesahaulika njiani.

Anayeishi pwani hahitaji kusadikishwa kwamba mwamba una uani wake. Maji yakitoka, tembea kutoka ufukweni Jambiani au Mjimwema kuelekea panapovunjika mawimbi. Utapita mchanga, kisha nyasi za bahari, kisha mwani, na mahali pengine mikoko, kabla hujafika kwenye tumbawe la kwanza. Changu wadogo na tasi hukulia humo. Mbolea inayoshuka kutoka nchi kavu hunaswa humo kabla haijafika mwambani. Mwamba ukiachwa peke yake, bila nyasi na bila mikoko, hauwi mwamba ule ule. Ndiyo sababu wazo la kimbilio linavutia, na ndiyo sababu pia linahitaji kupigiwa hesabu: baharini uani ni mkubwa kuliko nyumba, kabatini ni kinyume.

Nianze na uani wenyewe, kwa vipimo vya tangi langu. Tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani lita 300. Sampu ni 90 kwa 40 kwa 40. Ikijaa hadi mdomoni ingebeba lita 144, lakini haijazwi. Maji yake wakati pampu inafanya kazi yanasimama sentimita 22, karibu lita 79, na sentimita 18 za juu zinabaki tupu. Nafasi hiyo tupu, lita 65 hivi, ndiyo inayolinda sakafu.

Pampu ikisimama, maji hushuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mabomba ya kushushia: yaliyomo ndani yake na ndani ya kisanduku cha pembeni ambamo maji ya juu hufurikia yanateremka, kwangu ni lita 6 hivi. Ya pili ndiyo iliyolowesha mkeka. Bomba la kupandishia maji lina mdomo ndani ya tangi la juu. Pampu ikizimika, bomba hilo linageuka kuwa mpira wa kunyonyea petroli: linavuta maji kurudi chini mpaka mdomo wake uone hewa. Uso wa tangi langu ni sentimita za mraba 6,000, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo nilikuwa nimeuweka sentimita 10 chini ya maji, kwa kuwa ulionekana nadhifu zaidi ukijificha. Sentimita 10 mara lita 6 ni lita 60. Ongeza zile 6, kisha kumbuka kwamba skima iliyosimama ndani ya sampu imekwisha kula sehemu ya ile nafasi tupu. Nilipoupandisha mdomo hadi sentimita 2, maji yanayorudi kwa bomba hilo yakawa lita 12. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sakafu imebaki kavu.

Wako wanaotegemea valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, au tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba ili liingize hewa. Vyote viwili ni vizuri siku ya kwanza. Baada ya miezi sita valvu imeshika magamba ya chokaa na tundu limezibwa na konokono au uzi wa mwani. Mahali ambapo umeme hukatika mara moja kwa mwaka mtu anaweza kubahatika navyo. Hapa petu, mfumo unapaswa kuwa salama hata vyote viwili vikishindwa siku moja, na usalama huo unatokana na kimo cha mdomo wa bomba na ukubwa wa nafasi tupu tu. Jaribio lake ni rahisi: jaza maji, washa, kisha chomoa waya wa pampu mchana ukiwa umesimama hapo na kitambaa. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kuingiza kiumbe chochote.

Mabomba ya kushushia nayo yana tabia yake. Bomba moja pana lililo wazi hushusha maji yakiwa yamechanganyika na hewa, na sauti yake ni ya mtu anayekunywa soda ya mwisho kwa mrija, usiku kucha. Ukifunga koki kidogo hadi bomba lijae maji matupu, kelele inakwisha na maji yanashuka kwa kasi zaidi, ila bomba lililojaa halina akiba: jani moja la mwani likikwama, tangi la juu linafurika. Kwa hiyo mabomba huwekwa mawili au matatu. La kwanza limejaa na lina koki, la pili linapokea mabaki kidogo kidogo, na la tatu ni kavu siku zote, mdomo wake umepanda juu kidogo, linangoja siku ya dharura. Fundi wa kioo atakulalamikia kwamba matundu matatu ni mengi. Mwache atoboe. Ila kabla hajashika keekee, hakikisha kioo hicho hakikupitishwa kwenye moto ili kiwe kigumu, kwa maana kioo cha namna hiyo hakitoboki, kinapasuka chote vipande vidogo kama punje za mchele. Matangi mengi ya dukani sakafu yake ni ya kioo hicho.

Nguvu ya pampu ya kupandishia watu huikuza mno. Mkondo unaohitajiwa na matumbawe hutoka kwenye pampu ndogo zilizo ndani ya tangi la juu lenyewe. Pampu ya sampu kazi yake ni kuleta maji uani na kuyarudisha, na kupitisha maji yote mara 3 hadi 5 kwa saa kunatosha, yaani lita 900 hadi 1,500 kwa tangi hili. Iliyoandikwa lita 3,000 huenda ikatoa nusu yake tu ikishapanda mita moja na robo na kona tatu. Kinachozidi hapo ni joto, kelele na bili.

Jambo jingine la uani ni kupungua kwa maji. Tangi la juu kiwango chake hakibadiliki, kwa sababu maji hufurikia daima mahali pale pale, hivyo upungufu wote huonekana katika chumba cha mwisho cha sampu, penye pampu. Chumba changu ni sentimita 20 kwa 40. Miezi ya joto hupoteza lita 5 kwa siku, na lita 5 katika chumba hicho ni zaidi ya sentimita 6. Siku mbili bila kujaza, pampu inavuta hewa. Maji yanayoondoka ni matamu, chumvi inabaki, kwa hiyo kinachorudishwa lazima kiwe maji matamu yaliyochujwa hadi yakose madini. Maji ya visima vya pwani mengi yana chumvichumvi, na kila lita yake huongeza ulichotaka kukipunguza. Wengi huweka kifaa chenye boya kinachojaza chenyewe. Nakipenda, kwa sharti kwamba ndoo inayokilisha isizidi ukubwa wa kosa unaloweza kulivumilia. Ndoo yangu ni lita 20. Boya likikwama na ndoo yote ikamwagika, chumvi ya lita 350 za mfumo huu, ukiondoa nafasi ya mawe, itashuka kutoka gramu 35 kwa lita hadi 33, na viumbe wataishi. Pipa la lita 100 lingeweza kuwaua.

Upungufu huo huo, kwa upande mwingine, ni neema. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kushusha lita 350 kwa karibu nyuzi 1.7. Feni mbili ndogo za kompyuta zikipuliza juu ya sampu hufanya kazi ambayo mashine ya kupoza hufanya kwa umeme mwingi zaidi, mradi kabati lina pa kutolea hewa. Kabati lililofungwa kwa urembo ni jiko. Matumbawe hupauka joto likizidi kiwango chake cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa. Pwani yetu iliona hayo mwaka 1998 na tena 2016, kwa hiyo nafasi ya feni si jambo la kuachwa la mwisho.

Sasa shamba.

Katika sampu yangu kimbilio lina sentimita 35 za urefu kati ya 90, likiwa baada ya skima na kabla ya pampu. Ni lita 31, kama sehemu moja ya kumi ya tangi la juu. Ushauri wa kawaida hutaja asilimia: kimbilio liwe asilimia 10, wengine 20, ya mfumo. Sioni maana yake. Mkulima haulizi shamba lake ni asilimia ngapi ya wilaya. Huuliza ekari, jua, mbolea na gunia. Hapa eneo linalopata mwanga ni sentimita za mraba 1,400, na hilo ndilo la kuanzia hesabu.

Chukua chakula kwanza. Nalisha gramu 2 za chakula kikavu kwa siku, chenye protini asilimia 45. Asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Kama yote ingeishia kuwa naitreti katika lita 350, ingepanda kwa miligramu 1.8 kwa lita kila siku, karibu 13 kwa wiki. Samaki hubaki na sehemu yake mwilini, lakini nyingi huishia majini.

Sasa mavuno. Mwani unaotunzwa vizuri chini ya taa nzuri unaweza kutoa gramu 20 za uzito mkavu kwa mita ya mraba kwa siku, na hicho ni kiwango cha shamba lililostawi hasa. Kwenye eneo langu hiyo ni gramu 20 hivi kwa wiki, au gramu 200 ukiupima mbichi ukiwa umekamuliwa. Mwani mkavu una naitrojeni kama asilimia 2.5. Piga hesabu hadi mwisho na utaona kwamba mavuno ya wiki huondoa naitreti sawa na miligramu 6 kwa lita. Ni nusu ya iliyoingia. Nusu nyingine lazima ibebwe na skima, mawe hai, matumbawe yenyewe na maji yanayobadilishwa.

Hesabu hizi ni za makadirio, na mwani haujui kusoma, lakini zinaeleza mambo mawili ambayo wafugaji huyalalamikia bila kuyaelewa. La kwanza ni kwamba kimbilio dogo lenye taa hafifu halibadilishi chochote. Chumba cha sentimita 15 chenye taa ya kusomea kinatoa gramu 20 au 30 mbichi kwa wiki, na kazi yake haionekani hata kwenye kipimo cha maji. Aliyenacho husema kimbilio ni hadithi. Kwake ni kweli.

La pili ni fosfeti. Mwani hauli kwa uwiano wa chakula cha samaki. Alfred Redfield alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba viumbe vinavyoelea baharini vina naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribia 16 kwa 1. Mwaka 1983 Atkinson na Smith walionyesha kwamba mwani na mimea ya chini ya bahari iko mbali zaidi, karibu 30 kwa 1. Ukigeuza hayo kuwa lugha ya vipimo vya nyumbani, mwani huchukua miligramu 20 za naitreti kwa kila miligramu 1 ya fosfeti. Chakula cha samaki chenye fosforasi asilimia 1 huleta fosfeti nyingi zaidi kuliko hapo: kwa ulishaji wangu ni miligramu 1.2 kwa lita kwa wiki, na mavuno yangu huondoa 0.3 tu. Kwa hiyo naitreti hushuka, fosfeti inabaki, na siku naitreti ikifika sifuri mwani unaacha kukua kwa njaa huku fosfeti ikizidi kupanda. Mfugaji huona shamba limekufa na kuongeza taa. Dawa ni kinyume: chembe za oksaidi ya chuma za kunasa fosfeti, na pengine kuongeza naitreti kidogo kwa makusudi. Maji yasiyo na chochote si lengo. Matumbawe nayo hula. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 ni kiwango ambacho matangi mengi ya nyumbani hustawi nacho, na sifuri kwa muda mrefu hukaribisha utando wa kahawia wenye sumu ambao ni mgumu kuufukuza kuliko mwani wowote.

Wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, hufanya kazi hii kwa kiwango ambacho kabati haliwezi kukiota. Hufunga vipande kwenye kamba maji yakitoka wakati wa bamvua, huacha mkondo na jua vifanye kazi, na baada ya wiki kadhaa huvuna, huanika, huuza. Naitrojeni iliyokuwa ndani ya maji ya Paje inaondoka ndani ya magunia. Mwani ambao haukuvunwa hukatika, huoza, na kurudisha kila ulichokichukua. Kimbilio lililojaa mwani mpaka juu, lenye rangi ya kijani inayopendeza, tabaka la chini likiwa limeanza kugeuka jeupe kwa kukosa mwanga, limekwisha kuacha kazi. Nimeona mengi ya namna hiyo, na wenyewe huyaonyesha kwa fahari.

Mwani gani? Kwangu ni Chaetomorpha, nyuzi ngumu zinazosokotana kama katani ya kusugulia vyombo. Hauoti mizizi, haushiki mawe, unavunwa kwa mkono mmoja. Caulerpa hukua haraka zaidi, na spishi zake nyingi ni wenyeji wa pwani yetu, lakini una tabia ya kujimwaga: usiku mmoja mmea mzima hutoa mbegu zake majini, unabaki ganda jeupe, na maji yanakuwa kama yametiwa maziwa huku oksijeni ikishuka. Tena una historia. Caulerpa taxifolia iliyoonekana mwaka 1984 baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco ilienea Mediterania, na huko California, ilikogunduliwa mwaka 2000, ilichukua hadi 2006 kutangazwa kwamba imekwisha. Mwani wa tangini, wa aina yoyote, haumwagwi baharini wala mtaroni.

Taa isiwe ya urembo. Taa ya LED nyeupe ya nje, wati 30, iliyotundikwa sentimita 20 juu ya maji, inakuza mwani vizuri. Zile za rangi ya waridi zilizotengenezwa kwa ajili ya mimea zinakuza zaidi kidogo. Waya wake uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Mkondo upite kati ya nyuzi, kwani mwani uliotulia hujivika vumbi na kufa kutoka ndani.

Taa hiyo wengi huiwasha usiku, wakati ya juu imezimwa. Usiku viumbe vyote hupumua na hakuna anayetumia hewa ya ukaa, hivyo pH hushuka kutoka 8.2 hadi 7.8 au 7.9. Mwani uliowashiwa taa usiku huichukua hewa hiyo na kupunguza mporomoko. Ushauri huu umetoka katika nchi za baridi, ambako nyumba hufungwa madirisha miezi mingi na hewa ya ndani hujaa pumzi za watu. Nyumba ya pwani yenye madirisha wazi inapata nusu ya faida hiyo bure. Aliyefunga chumba kwa ajili ya kiyoyozi ndiye atakayeona tofauti. Bado mimi huwasha usiku, kwa sababu joto la taa mbili haliji kwa wakati mmoja.

Kuhusu wanyama wadogo nina imani kubwa kuliko niliyo nayo kuhusu usafishaji. Kopepodi na amfipodi, jamii ya kamba walio wadogo sana, huzaliana ndani ya nyuzi za mwani pasipo samaki wa kuwadonoa, na watoto wao husafiri na maji kwenda juu. Samaki mandarini, yule mdogo mwenye michoro ya bluu na chungwa, hula karibu viumbe hao tu na hudonoa mchana kutwa. Bila kimbilio mara nyingi hufa taratibu kwa njaa katikati ya chakula cha dukani. Hata hapo tangi jipya halimfai. Subiri miezi sita au zaidi, upige tochi kwenye kioo usiku, na ukiona nukta nyeupe zikikimbia kila mahali, ndipo umlete.

Tope na mchanga mzito chini ya kimbilio sivitumii. Mchanga wa kina, kwa mtindo unaohusishwa na Jean Jaubert wa Monaco, una mantiki yake katika tangi kubwa, lakini katika chumba cha sentimita 35 unakusanya taka na unazuia mkono kusafisha. Sakafu tupu ya kioo, na mpira wa kunyonya taka mara moja kwa mwezi, vimenifaa zaidi.

Mawe nayo: mawe makavu ya matumbawe ya kale, ya aina ile iliyojenga Mji Mkongwe, yakioshwa na kuachwa giza na amonia kwa mwezi mmoja au miwili, huwa hai bila kugusa mwamba. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kipande kinachovuka mpaka kinahitaji kibali. Vipande vilivyokatwa kutoka matangi ya wafugaji wengine hukua vizuri kuliko vilivyong'olewa baharini, na sioni sababu ya kupunguza mwamba ili kupamba sebule.

Je, kila tangi linahitaji haya? Tangi la lita 60 lenye samaki wawili halihitaji kimbilio. Kubadilisha lita 6 kila wiki kwa kawaida kunatosha. Sampu, kwa upande wake, ningeiweka kwa tangi lolote kuanzia lita 150, hata kama haina jani la mwani ndani yake, kwa sababu ya nafasi, hewa na maji ya ziada. Na mwenye nafasi ya kabati ya kuchagua kimoja, chumba cha kutosha skima na nafasi tupu vije kwanza, shamba lichukue kinachobaki. Kikibaki kidogo mno, ni afadhali kiachwe tupu.

Ijumaa asubuhi ndiyo siku yangu ya kuvuna. Natoa bonge lote la mwani na kulitikisa ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, si ya bomba. Kisha naacha dakika kumi maji yatulie. Chini ya ndoo huanza kutembea vitu: amfipodi wakijipinda, konokono wachanga wa ukubwa wa kichwa cha pini, nyota-bahari mmoja mwenye mikono myembamba kama uzi, ambaye sikumnunua popote. Hao wanarudi juu. Bonge nalikamua, nalikata nusu kwa mkasi na kuiweka nusu moja kwenye mizani ya jikoni. Wiki hii ilikuwa gramu 190. Naandika tarehe na uzito kwenye daftari lililotundikwa ndani ya mlango wa kabati, pale pale maji yalipochuruzikia, na nusu iliyobaki inarudi chini ya taa.